Kadi Hatuna, Hela Tunayo

Fundi wa magari wa mtaani ana vitu viwili ambavyo vikimpotea, siku yake imeharibika: spana namba 10 na mtu wa kumuuliza. Spana inanunulika. Mtu wa kumuuliza ndiyo shughuli, maana fundi aliyekutangulia naye ana watoto wa kulisha, na siri ya kazi ndiyo shamba lake. Atakuonyesha namna ya kufungua. Namna ya kufunga, atasubiri akutume maji ya kunywa, ukirudi unakuta kashafunga.

Mdogo wangu ni fundi wa magari Morogoro. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, akaenda gereji ya mjomba. Hapo mwanzo kazi yake ilikuwa kufagia, kuosha vyuma kwa petroli, kushika tochi wakati wengine wanafunga na kukimbizwa dukani kufuata spea. Hakulipwa, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu ndivyo mjomba mwenyewe alivyojifunza. Halafu mwaka 2014 kijana akapata simu ya kuingia mtandaoni, na mtu wa kumuuliza akapatikana. Walikuwa wawili, Wamarekani, David Freiburger na Mike Finnegan, na kipindi chao kiliitwa Roadkill.

Kwa asiyekijua: Roadkill kilianza 2012 kwenye chaneli ya YouTube ya Motor Trend, jarida la magari la Marekani lililoanzishwa mwaka 1949. Mpango wake ni rahisi. Jamaa wananunua gari bovu, lililochoka, mara nyingi likiwa limelala uwanjani kwa mtu miaka mingi, wanalirekebisha hapohapo lilipo, kisha wanajaribu kuliendesha safari ndefu hadi nyumbani. Wakati mwingine wanafika. Wakati mwingine wanakesha kwenye maegesho ya duka la spea, mvua inawanyeshea, mmoja yuko chini ya gari, mwenzake anashika taa na kucheka. Walikuwa na Dodge Charger ya 1968 waliyoibandika injini iliyotolewa kwenye gari kubwa la kulala watalii. Kitu kama hicho ukikiona Msamvu hushangai. Ukikiona kimetoka California, kimepigwa picha vizuri, unaanza kujiheshimu.

Hilo ndilo lililomshika mdogo wangu. Vipindi vya magari alivyokuwa amezoea kuviona kwenye televisheni vilionyesha gari likiingia bovu na kutoka linang'aa, na katikati hakuna bolti iliyokatika wala mtu aliyekosea kufunga. Hawa walikosea mbele ya kamera, wakaeleza walichokosea, wakafungua upya. Akanitumia ujumbe: "Dada, hawa jamaa ni wa kwetu kabisa, wamekosa tu kuongea Kiswahili."

Kiswahili nikawa mimi. Wakati huo nilikuwa Dar, naanza anza uandishi kwenye gazeti, na mazungumzo yetu yalikuwa ya kawaida ya ndugu waliokaa mbali: mama anaendeleaje, umetuma hela, haya basi. Sasa akawa ananitumia vipande. "Dada, dakika ya kumi na mbili, anasema nini pale anaposhika ile bomba?" Mimi nilisoma fasihi na mawasiliano. Sikujua tofauti ya kabureta na kichujio cha hewa. Nikawa nasikiliza, narudia, namwandikia, na yeye ananisahihisha kwa sababu neno nilikuwa nalo mimi lakini kitu chenyewe anacho yeye. Ndani ya mwaka mmoja tulikuwa tumeongea kuliko miaka yote ya utoto wetu. Ukiniuliza YouTube ilinipa nini, sitakutajia kozi wala wimbo. Ilinipa mdogo wangu.

Kwa hiyo mnielewe ninapoandika kuhusu habari ambayo kwa wengi ni ya biashara tu: vipindi vya wapenda magari kuhama kutoka kwenye video za bure kwenda nyuma ya mlango wa malipo ya kila mwezi.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Vile vya bure havikuwa bure. Mwishoni mwa 2011 Google ilitangaza mpango wa kutoa fedha za kuanzishia chaneli mpya za YouTube zenye vipindi vilivyotengenezwa kwa viwango vya televisheni. Kiasi kilichotajwa kwenye vyombo vya habari kilikuwa kama dola milioni 100. Motor Trend ilikuwamo. Chaneli nyingine ya magari, DRIVE, ilikuwamo pia, na huko ndiko Mwingereza Chris Harris alikojipatia watazamaji wengi kwa majaribio yake ya magari ya kasi. Yaani kijana wa Morogoro alikuwa anakula karamu ambayo Google imelipia, kwa matumaini kwamba watangazaji watakuja kulipa baadaye.

Watangazaji walikuja, ila si kwa kiasi cha kutosha. Hesabu yenyewe iko hivi. Katika mapato ya matangazo kwenye video ndefu, YouTube inabaki na asilimia 45 na mwenye chaneli anapata 55. Tangazo lina bei kulingana na aliyekaa mbele ya skrini ni nani na yuko wapi. Mtazamaji wa Ohio anayefikiria kununua pikapu mpya ana thamani. Fundi wa Morogoro anayetazama mara tatu ili aone bolti inafungwa upande gani, huyo kwa mtangazaji karibu hayupo. Na kipindi cha magari hakitengenezwi kwa kukaa chumbani na kuongea na kamera. Kuna magari ya kununua, mafuta, tairi, wapiga picha, hoteli, bima, na fundi wa kurudia kazi iliyoharibika. Kisha Machi 2017 makampuni makubwa yalisitisha matangazo yao YouTube baada ya kugundua yalikuwa yanatokea kwenye video za chuki na za itikadi kali. Aliyekuwa na kipindi cha gharama akajua kuwa mfuko wake umeshikwa na mtu mwingine.

Ndiyo maana milango ikaanza kuwekwa. YouTube yenyewe ilifungua majaribio ya chaneli za kulipia Mei 2013, kuanzia senti 99 za dola kwa mwezi. DRIVE wakaingia huko mwaka 2014, sehemu ya video zao zikawa za waliolipa tu. Watazamaji wakachukia, wakaandika matusi, na kabla ya mwaka kwisha Chris Harris alikuwa ameondoka na kufungua chaneli yake mwenyewe, ya bure. Motor Trend walikwenda polepole zaidi: mwaka 2016 wakawa na huduma yao ya kulipia, dola 4.99 kwa mwezi, wakianza kuhamishia vipindi kimoja kimoja. Mwaka 2017 Discovery ikaingia ubia na wamiliki wa jarida hilo. Na mwaka 2018 ikafika zamu ya Roadkill. Vipindi vipya, huko ndani.

Upande wa Uingereza njia ilikuwa nyingine lakini ilifika palepale. Top Gear ililelewa na BBC, na BBC hulelewa na ada ya leseni ambayo kaya zinazotazama televisheni hutozwa. Machi 2015 BBC ilikataa kumwongezea mkataba Jeremy Clarkson baada ya kumpiga mtayarishaji, na wenzake wawili, Richard Hammond na James May, wakaondoka naye. Novemba 2016 wakaibuka Amazon na The Grand Tour. Sisi huku Top Gear tulikuwa tunaipata kwa flash, kama muvi nyingine. Mdogo wangu alikuwa nayo ile safari ya 2013 waliyoitafutia chanzo cha mto Nile kwa station wagon tatu za mitumba, BMW, Volvo na Subaru Impreza, wakipita Uganda na Rwanda hadi wakaingia Tanzania. Ameitazama mpaka flash imechoka. Anachokipenda si utani wao, maana utani wao mwingine juu ya watu wa huku hauchekeshi ukiwa mtu wa huku. Anachokipenda ni kuona Subaru ya bei ya kawaida, kama zile anazozifungua kila wiki, ikitaabika kwenye matope anayoyajua.

Safari ya mwisho ya wale watatu ilitoka Septemba 2024. Waliendesha Zimbabwe, wakamalizia Botswana, kwenye kisiwa kilekile cha Kubu walichofika na Top Gear mwaka 2007. Barabara ya Afrika, vumbi la Afrika, mafundi wa Afrika pembeni. Na kuiona, uwe na akaunti ya Amazon.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Mwaka 2018 mdogo wangu alinipigia. Si ujumbe, simu. "Dada, una ile kadi ya benki ya kulipia mtandaoni?" Nikamwambia ninayo ila mwisho wa mwezi iko tupu, kama kadi zote ninazozijua. Akacheka. Akaniuliza dola tano ni shilingi ngapi. Nikamwambia elfu kumi na kitu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo.

"Hela yenyewe si kubwa, dada. Mimi mpira nalipia kibanda umiza. Muvi nawekewa kwenye flash nalipia. Bando nanunua kila siku. Hakuna kitu nakitazama bure. Ila hawa hawanidai hela. Wananidai kadi."

Nilikuwa na makala kichwani wakati ule juu ya "utamaduni wa watu wetu wa kutaka vya bure", maneno ambayo mtu anayafurahia akiwa mjini na mshahara. Mdogo wangu alikuwa anazungumzia kitu kingine kabisa, na alikuwa anakijua kwa mfuko wake. Sisi tunalipa. Tunalipa kwa vipimo. Mafuta ya kula tunapimiwa kwenye kikombe. Sukari ya robo. Vocha ya mia tano. Bando la saa ishirini na nne. Fundi naye hulipwa hivyohivyo: Jumatatu amepata elfu arobaini kwa kushusha gia boksi, Jumanne hakuna gari, Jumatano mteja amesema atatuma kwenye simu na simu haikulia. Mtu wa maisha hayo hawezi kuahidi kitu kila tarehe 5 ya mwezi kwa kampuni ambayo hata sauti yake haijui. Malipo ya kila mwezi yametengenezwa kwa mfano wa mtu mwenye mshahara wa mwezi. Usipofanana naye, elfu kumi yako ni nzuri lakini haina mahali pa kuingilia.

Kibanda umiza kinalijua hilo. Mlangoni anakaa kijana, unampa mia tano, unaingia, unatazama dakika tisini, mkataba umekwisha. Ukifilisika kesho hakuna anayekudai. Nimekaa kwenye vikao vingi vya wakubwa wa vyombo vya habari wakijadili "mustakabali wa malipo ya kidijitali", na sijasikia wazo lililonyooka kama la yule kijana wa mlangoni.

Jambo hili lina upande wa pili, na huo ndio unaoniuma zaidi kwa kuwa ni wa kwangu. Miaka michache baadaye chombo ninachokiandikia, nacho sitakitaja, kilianza kufunga makala zake. Habari fupi wazi, ndefu kwa waliolipia. Tuliulizwa waandishi, mimi nikaunga mkono. Na mpaka leo naunga mkono. Nimewahi kukaa wiki tatu kufuatilia mkataba mmoja wa maji wilayani, nauli yangu, chakula changu, halafu makala ikanakiliwa neno kwa neno na kurasa nyingine ndani ya saa moja, kwa matangazo yao, bila hata jina langu. Anayesema habari iwe bure aniambie nani analipa nauli ya kwenda wilayani. Nikiacha swali hilo bila jibu, atalijibu mwenye tangazo, au mwenye cheo.

Tena kwenye magari hilo lina ukweli wa zamani. Waandishi wa magari duniani kote wameishi kwa magari ya kuazimwa na watengenezaji, safari za kulipiwa na watengenezaji, na kurasa za matangazo za watengenezaji haohao. Ukilisema gari vibaya, lijalo huletewi. Mtazamaji anayelipa mwenyewe ni njia mojawapo ya kujinasua. Kwa hiyo mtu akiniambia Motor Trend walikosa adabu kutoza dola tano, siwezi kumuunga mkono. Walitengeneza kitu, wakakiwekea bei. Mjomba naye hafungi breki bure.

Mdogo wangu alipoona tangazo la chombo chetu akanitumia ujumbe wa sauti. Nilikuwa kwenye daladala, nikausikiliza nimebana simu sikioni. "Dada, kwa hiyo na wewe umefunga mlango?" Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayetaka kujua tu atakaa wapi. Nikamjibu kwa maandishi, marefu, nikamweleza nauli, wizi wa makala, mwenye cheo. Akajibu baada ya saa mbili, gari lilikuwa juu ya jeki: "Sawa dada. Nimeelewa. Sasa nitakuwa nasoma wapi ulichoandika?"

Nikawa namtumia makala zangu mimi mwenyewe, kwa WhatsApp, moja moja. Hiyo ni haki ya undugu, hakuna bodi ya gazeti itakayonizuia. Lakini nilijua kuwa kuna kijana mwingine Morogoro, hana dada gazetini.

Na mlango wenyewe, ukishalipia, unakulinda? Wamarekani waliolipia wana la kusema. Ile huduma ya Motor Trend ilibadilishwa jina, wamiliki wakaungana na wamiliki wengine, hadi Discovery ikawa Warner Bros. Discovery mwaka 2022. Mwishoni mwa Machi 2024 huduma ikafungwa, vipindi vikasukumwa kwenye huduma nyingine za kampuni hiyohiyo, zinazobeba pia mapishi, mauaji na ukarabati wa nyumba. Desemba mwaka huohuo jina la Motor Trend likauzwa kwa kampuni ya Hearst. Mtu aliyelipa kwa miaka kadhaa ili awe na chumba chake cha magari aliamka akaambiwa chumba kimevunjwa, vitu vyake viko ghorofa nyingine, aulize mapokezi. Alidhani ananunua. Kumbe alikuwa anapanga.

Mdogo wangu ana flash ya gigabaiti 32 yenye vipindi vya kati ya 2012 na 2016. Bado inacheza. Ipo kwenye droo ya gereji, imefungwa kwa utepe wa umeme, pamoja na plagi za zamani. Mimi kama mtu ninayeishi kwa haki za uandishi siwezi kuipigia makofi hiyo flash, na kama dada yake siwezi kuitupa. Ipo tu. Ila najua wazi kwamba katika hifadhi zote za kipindi kile, ile ya droo imewatumikia vijana sita waliopita pale gereji, na hakuna mkutano wa wanahisa unaoweza kuifunga.

Wapo waliobaki nje ya mlango, na ni vizuri kuangalia wanakulaje. Jason Cammisa, aliyekuwa mmoja wa watangazaji wa Motor Trend, sasa vipindi vyake vinatoka bure YouTube kupitia Hagerty. Hagerty ni kampuni ya bima ya magari ya kale. Doug DeMuro, anayekagua gari kona kwa kona, naye ni bure, na mwaka 2020 alifungua mnada wa magari mtandaoni. Vipindi ni vizuri, nimevitazama na mdogo wangu kwa simu, kila mtu kwake, tukihesabu moja mbili tatu ili tubonyeze pamoja. Lakini bure hiyo ina mwenyewe. Bima inataka upende magari ya kale ili uyakatie bima. Mnada unataka upende magari ili uyauze na kuyanunua. Si dhambi. Ni kujua tu kwamba kiti ulichokalia kimenunuliwa na nani.

Hata kwenye mbio za magari ni vilevile. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kiti cha mtazamaji kilikuwa ukingo wa barabara. Unasimama kwenye majani, gari linapita, unakula vumbi, umeona. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, pale Naivasha, ukingo wa barabara ulikuwepo bado na watu walijaa. Lakini aliye mbali akitaka kuona hatua zote moja kwa moja, kuna huduma ya kulipia. Vumbi ni lile lile. Aliyelila bure yupo, na aliyelinunua yupo.

Sitaki kuliaga jambo hili kwa kulaumu Wamarekani, kwani habari yenyewe imerudi nyumbani. Sasa hivi mafundi wa Tanzania na Kenya wanafundisha kwa Kiswahili mtandaoni, wengi tu. Anakuonyesha namna ya kusoma kodi za hitilafu, namna ya kujua gia boksi imekufa au mafuta yake tu ndiyo yamekwisha, namna ya kukagua gari la Japani bandarini kabla hujalitoa. Mdogo wangu ni mmoja wao. Alianza na kikundi cha WhatsApp cha mafundi kumi na tano, akawa anapiga picha kila hatua ya kazi na kuelezea kwa sauti. Hakuficha anapokosea. Najua alikojifunza hilo. Leo kikundi kimejaa, amefungua cha pili, na ana video kadhaa YouTube ambazo kijana wa jirani anamshikia simu. Matangazo yamempa kiasi ambacho ameniomba nisikiandike.

Mwezi uliopita aliniletea hesabu. Kila jioni anakaa saa mbili akijibu maswali ya watu asiowajua. Wengine ni mafundi wenye gereji kubwa kuliko yake, wanamtumia picha ya gari la mteja, anawaambia tatizo, wao wanalipwa laki mbili, yeye anaambiwa "ubarikiwe kaka". Akanipigia. "Dada, wewe ni mtu wa mambo haya. Nifunge?"

Nikamwambia afunge. Nilisema haraka kuliko nilivyotarajia. Saa mbili za jioni ni saa za mtoto wake.

Tukakaa kwenye simu tukipanga kama wafanyabiashara. Kila mwezi? Akakataa palepale, akasema hao anaowajua hawana mwezi, wana siku. Tukakubaliana: video za zamani zibaki wazi, zote. Maswali ya papo kwa papo, shilingi elfu moja kwa swali, inatumwa kwa simu, na usipotatuliwa tatizo unarudishiwa. Hakuna kujisajili, hakuna kadi, hakuna kukatwa bila kujua. Mlango wenye kijana amekaa nje, basi.

Nikamuuliza lile ambalo nilikuwa nimeulizwa na yeye. "Na dogo ambaye hana hiyo elfu?"

Nilimsikia akiita mtu amwashie taa, kisha akarudi kwenye simu. "Aje gereji," akasema. "Afagie, ashike tochi. Ila mimi wakati wa kufunga simtumi maji."